Alizaliwa na kilo 1.9: je, achomwe sindano za kurefuka?

SWALI: Shikamoo muuguzi. Binti yangu alizaliwa wiki ya 39 akiwa na kilo 1.9. Sasa ana miaka mitatu na miezi miwili, kilo 10.5, na nimempima mlangoni kwa futi ya fundi cherehani nikapata sentimita 86. Mdogo wake wa mwaka na nusu anavaa nguo zake. Anakula, anacheza, anaongea kama kasuku. Mama mkwe anasema nimwache, ndilo umbile lake. Mdogo wangu aliye Minnesota anasema kwao watoto kama huyu huchomwa homoni ya ukuaji. Mimi nina sentimita 157, baba yake 170. Nimsikilize nani? – *Mama wa Pongwe, Tanga*

JIBU: Marahaba, mama. Nikuulize kwanza: siku hiyo alikuwa amesukwa? Usicheke. Enzi nipo kliniki nilimpima binti mmoja nikaandika 94. Alivyorudi baada ya miezi mitatu nikapata 92, nikadhani nimechanganya kadi. Kumbe mara ya kwanza alikuwa na mafundo ya nywele utosini, mara ya pili kanyolewa.

Basi mfumue, mvue viatu, umsimamishe ukutani: visigino, makalio na kisogo viguse ukuta, macho yatazame mbele. Weka kitabu kigumu kichwani kikiwa kimegusa ukuta, piga alama kwa penseli, kisha upime kwa futi ya chuma. Ile ya kitambaa huvutika. Rudia mara mbili.

Ikibaki 86, mama mkwe mwambie kwa heshima kwamba hili si la kuachia umbile. Kwenye chati ya Shirika la Afya Duniani, msichana akitimiza miaka mitatu mstari wa kutia wasiwasi ni sentimita 87.4, na wako kashapita umri huo. Urithi nao una hesabu yake: jumlisha urefu wenu, 327, toa 13 kwa kuwa ni msichana, gawa kwa mbili. Inakuja 157. Ufupi wake hauelezeki kwa kuwatazama ninyi wazazi peke yenu.

Mdogo wako hajakudanganya. Watoto karibu tisa kati ya kumi waliozaliwa wadogo kuliko umri wao wa tumboni huwafikia wenzao kabla ya miaka miwili. Kwa wale wanaobaki nyuma, Marekani iliruhusu homoni hii mwaka 2001, kuanzia miaka miwili. Ulaya iliruhusu 2003, lakini wao husubiri mtoto afike minne. Kwa hiyo binti yako hajachelewa.

Ila jua unachoingia. Ni sindano ndogo chini ya ngozi, pajani au tumboni, kila usiku, kwa miaka. Dozi hupimwa kwa uzito: wakianza na miligramu 0.035 kwa kilo kama Ulaya, yeye ni kama 0.37 kwa usiku mmoja, na kadiri anavyokua dozi inapanda na gharama inapanda nayo. Dawa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, isigande. Umeme wa kwenu ukikatika siku mbili utafanyaje? Mwaka wa kwanza mtoto huchupa kweli, na hapo ndipo wengine huishiwa pesa wakaacha, mwendo ukarudi ule wa zamani. Bora mkae na baba yake mpige hesabu ya miaka mitano kabla ya sindano ya kwanza.

Wala hakuna daktari makini atakayeanza na sindano. Atauliza kama ulipata malaria au presha ya mimba. Ataangalia damu, figo na tezi ya shingo, atapiga picha ya mkono wa kushoto kuona umri wa mifupa. Kwa kuwa ni msichana, omba pia kipimo cha kromosomu, maana hali iitwayo Turner, ya msichana kuzaliwa na upungufu kwenye kromosomu moja ya X (nyuzi zinazobeba urithi), hujificha nyuma ya ufupi tu. Akishaanza dawa, atafuatiliwa sukari na uti wa mgongo. Akilalamika kichwa kisichoisha au akianza kuchechemea, msisubiri tarehe ya kliniki.

Dawa za kurefusha zinazouzwa kwenye simu sizizungumzii. Pesa hiyo mnunulie mayai.

Anza hospitali ya mkoa, uombe rufaa kwa daktari wa homoni za watoto. Muhimbili wapo. Zamani walikuwa haba mno kwetu, mpaka mafunzo yao yalipoanza Nairobi mwaka 2008. Beba kadi ya kliniki tangu alipozaliwa, hata kama imechakaa, maana mstari wa miaka mitatu unamwambia daktari mengi kuliko kipimo cha siku moja. Wakati unasubiri, mpime kila baada ya miezi mitatu, ukuta uleule, asubuhi, uandike tarehe.

Na siku ya safari usimsuke.