Usianze na Japani

Ndugu mhadhiri, umeuliza somo lako jipya la uzee lianze na Japani au Uswidi, na wanafunzi wa vyuo vya nje uwaunganishe na wako kwa saa ngapi kwa wiki. Nakusihi usianze na nchi yoyote kati ya hizo, kwa maana kosa hilo nilishalitenda na likanilia muhula mzima.

Mshauri kutoka chuo rafiki alituhakikishia kwamba mtaala wake unafaa kila mahali. Hakuwahi kukaa barazani na mzee hata mmoja wa kwetu, nasi tukamwamini kwa vyeti vyake, jambo linaloniuma mpaka leo. Kwa wiki nane wanafunzi walisoma bima ya Japani ya kuwatunza wazee, iliyoanza mwaka 2000 na ambayo mtu huichangia tangu afikapo miaka 40, wakazikariri ngazi zake zote 7 za kupima mtu anahitaji msaada kiasi gani. Kisha tukawapeleka kijijini na dodoso la mshauri huyo, tulilolitafsiri neno kwa neno.

Bibi mmoja alikuwa akichambua mchicha, mjukuu mgongoni, wengine watatu wakingojea uji. Mwanafunzi akamwuliza, "Bibi, nani anakuhudumia?" Bibi akawatazama wale watoto, akajibu, "Mimi ndiye ninayehudumia, mwanangu." Dodoso halikuwa na nafasi ya jibu hilo. Mwanafunzi akatia alama penye "hakuna", na bibi yule, aliyebeba nyumba nzima, akaingia katika ripoti yetu kama mzee aliyetelekezwa. Tulipogundua kwamba kijiji kizima tumekiandika hivyo, fedha ya safari ilikuwa imekwisha.

Mzee wa hapa atangulie, na nchi ya nje iitwe kujibu swali lake. Muhula uliofuata wanafunzi walikwenda kusikiliza tu, wakarudi na swali moja zito: mzee asiyewahi kuajiriwa atapata wapi fedha ya mkononi? Hapo Zanzibar ikawa na maana darasani, kwa kuwa tangu Aprili 2016 ilianza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe mtu aliwahi kuajiriwa au la. Japani tuliifikia baadaye, tulipouliza nani amtunze mama aliyepoteza kumbukumbu ilhali wanawe wote wako mjini. Wanafunzi wa nje walipounganishwa nasi, maswali yao mengi yalimhusu bibi wa mchicha.