Fungu la chombo

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: bendi ya vinanda na kompyuta, isiyo na gitaa wala mpiga ngoma, inahitaji watu wangapi na wa kazi gani, ikiwa mashine ndiyo inayopiga? Najibu kutoka Mtwara. Wanne wanatosha, na mmoja wao awe hajui kupiga chochote.

Bendi yangu ni ya aina hiyo, na huu ni mwaka wake wa nne. Jina haina. Yote tuliyojaribu yalikataliwa, moja kwa sababu lilikuwa limeshachukuliwa na duka la vipodozi. Watu wanatuita vijana wa kinanda, ingawa mmoja wetu ana miaka 61.

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko jirani na soko kuu. Kinanda tulichoanzia kililetwa kwangu kama mgonjwa: Casio ndogo ya vitufe 49, nusu yake havilii. Ukikifungua, chini ya kila kitufe unakuta raba yenye nukta nyeusi ya kaboni, nayo ndiyo inayogusa bodi sauti ikatoka. Kwetu upepo unatoka baharini na chumvi yake, haukosi pa kuingia. Nukta zile zilikuwa zimeota utando mweupe. Nilizipangusa moja moja kwa pamba na spiriti, tangu magharibi hadi usiku mkubwa, na kila nikirudisha kitufe nakibonyeza nisikie. Mwenye kinanda hakurudi kukichukua. Nilimpigia mara tatu, akasema nikiuze nijilipe. Sikukiuza.

Mpwa wangu akaja kuimba. Sauti yake ilinolewa kwenye kaswida, madrasa, na hadi leo akivuta irabu unajua alikotoka. Wa tatu ni kijana wa steshenari, mchana kutwa anatoa fotokopi, usiku anatengeneza midundo kwenye kompyuta mpakato. Mahali pa mazoezi hatukuwa napo, hivyo tukahamia Mikindani, sebuleni kwa kaka wa mama yangu, mvuvi aliyestaafu. Huku kusini neno “njomba” unaweza kumwita yeyote, lakini huyu ni Njomba wangu wa damu. Wiki ya pili akauliza: “Huu umeme mnaoutafuna nani ananunua?” Tukanyamaza. “Basi na mimi ni mwanabendi.”

Nikampa sauti mbili za kushikilia kwa mkono wa kushoto, asiinue kidole mpaka nimtazame. Nilimpa ili asijisikie vibaya, nakiri.

Korosho zikishalipwa, harusi huku hufuatana. Harusi yetu ya kwanza ya pesa ya maana ilitupa shilingi 240,000, na usiku huohuo bendi nusura ife. Kijana wa steshenari alitaka nusu. Hoja yake haikuwa ya kijinga: mdundo ni wake, kompyuta ni yake, na inapiga yenyewe hata sisi tukienda kula pilau. Mpwa wangu akasema watu hawachezi kompyuta, wanaitikia sauti. Mimi nikakumbusha kinanda ni cha nani. Kisha, kwa aibu yangu, nikasema tukitaka kupunguza matumizi tuanze na yule asiyepiga kitu. Njomba alikuwa palepale, anakunja nyaya.

Hakujibu. Aliomba kalamu na karatasi, akatuuliza kama tumewahi kuona samaki wakigawanywa ufukweni. Chombo kikirudi na samaki wakauzwa, alisema, kwanza yanatolewa matumizi. Kinachobaki kinakatwa mafungu: kila baharia fungu lake, chombo fungu lake, nyavu fungu lao. Mwenye chombo anapata fungu la chombo hata kama alilala nyumbani. Ila fungu hilo halina ruhusa ya kuliwa lote, maana ndilo linalonunua mbao na kalafati chombo kikianza kuvuja. Akaandika: bajaji na mengineyo 30,000. Inabaki 210,000. Watu wanne, kinanda kimoja, kompyuta moja, mafungu sita. Elfu thelathini na tano kila fungu. Kijana wa steshenari akaondoka na 70,000, yaani lake na la kompyuta, na uso umekunjuka. Mimi vilevile. Mpwa wangu alinuna kidogo, kwamba koo nalo ni chombo, na nadhani alikuwa na haki. Siku hizi maji ya tangawizi na asali yanaingia kwenye matumizi.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za bendi za sintesaiza, yaani vinanda vinavyounda sauti kwa umeme, kwa jicho la daftari la Njomba. Chukua Depeche Mode, bendi ya Waingereza walioanza mwaka 1980 huko Basildon, mji ulio mashariki ya London. Martin Gore alikuwa karani wa benki, Andy Fletcher alifanya kazi kwenye bima, na walikwenda kwenye maonyesho kwa treni na sintesaiza zao mkononi. Sisi chetu tunakifunga kanga tunapanda bajaji. Dave Gahan, mwimbaji, aliingia wa mwisho, baada ya Vince Clarke, mwanzilishi wao, kumsikia akiimba kwenye mazoezi ya watu wengine. Lebo yao, yaani kampuni iliyotoa sahani zao, Mute, ilikuwa ya mtu mmoja, Daniel Miller. Walikubaliana kwa mdomo na kupeana mikono, faida nusu kwa nusu, bila mkataba wa maandishi, na hilo liliwafikisha mbali kuliko karatasi nyingi ninazoziona zikisainiwa siku hizi.

Mwisho wa 1981, albamu ya kwanza ikiwa imetoka, Clarke akaondoka. Yeye ndiye aliyetunga karibu nyimbo zote. Bendi ya magitaa ikimpoteza mtunzi wake huenda ikavunjika. Kwao, Gore akashika utunzi, na wakatangaza gazetini wakitafuta mpiga kinanda aliye chini ya miaka 21. Alan Wilder alikuwa na 22, akadanganya, akapata. (Nyimbo nyingi za albamu ile ya kwanza kwangu ni nyepesi kama bisi. Walinoga alipoondoka aliyewaanzisha, sijui niseme nini kuhusu hilo mbele ya wenzangu.)

Sasa Fletcher. Alianza na gitaa la besi, akahamia kinanda, na upigaji wake hakuna aliyejisumbua kuusifia. Alishika hesabu, simu na amani ya nyumba. Katika filamu moja ya mwaka 1989 alijieleza kwa utani kwamba Gore anatunga, Wilder ndiye mwanamuziki hasa, Gahan anaimba, na yeye anazurura tu. Niliposikia hayo nilimwona Njomba na nyaya zake. Wilder yeye hakucheka: aliondoka mwaka 1995 akilalamika kwamba mzigo wa kazi haugawanyiki sawa. Kwa hiyo hata waliojaza viwanja lile swali la mafungu liliwashinda. Fletcher alibaki mpaka alipofariki mwaka 2022.

Mtu anaweza kuniambia kwamba mashine inaruhusu kufanya peke yako. Kweli. William Onyeabor wa Enugu, Nigeria, alijaza chumba sintesaiza, akatoa sahani zake mwenyewe kati ya 1977 na 1985, kisha akaokoka na hakutaka tena kuulizwa habari za muziki ule. Namheshimu sana. Ila mimi bila mtu wa kubishana naye wimbo wangu unafika dakika ya pili unalala.

Wengine wananiambia huu ni muziki wa wazungu. Hao nawauliza kama hawajawahi kusikia mchiriku. Dar es Salaam watu wamepiga vinanda vidogo vya Casio na spika za tarumbeta kwenye shughuli za mtaani kwa miaka mingi, tena kwa kasi ambayo Basildon wasingeiweza.

Januari mwaka huu kijana wa steshenari alipata ajira Dodoma. Fungu la kompyuta alikuwa ameliweka, akajinunulia mpya, ile ya zamani tukainunua sisi kwa fungu la kinanda. Midundo yake yote imo humo ndani. Anayeibonyeza ni Njomba: anavaa miwani, anasubiri nimtazame, anagusa kile kitufe kirefu kwa kidole kimojawapo cha vile alivyokuwa akishikilia zile sauti mbili, kisha anakaa kama nahodha.

Baada ya harusi ya kwanza bila yule kijana tulianza kugawana, mpwa wangu akauliza kama mtu aliyeko Dodoma bado ana fungu. Mimi nilishafungua mdomo kusema hana.

“Nyavu zake si zimo majini?” Njomba akasema, na akaandika. Tukamtumia kwa simu usiku uleule, ada ya kutuma ikakatwa humohumo kwenye fungu lake.