Mwalimu aliyepandisha watoto Nyiragongo: maisha yake tuyaandike vipi?

SWALI: Baba yetu mkubwa, mwalimu mstaafu wa jiografia, ametutoka. Alipandisha wanafunzi Nyiragongo, mlima wa volkano ulio juu ya Goma, mara nyingi, na likizo alikuwa mtu wa mtumbwi kwenye Ziwa Kivu. Familia imenipa kazi ya kuandika maisha yake yasomwe siku ya kuondoa matanga, kwa dakika 6. Watoto wake hawapatani juu ya miaka, karatasi zake zina majina mawili, na picha zimelowa zikashikamana. Nianzie wapi?
Msomaji, Himbi, Goma

JIBU: Pole sana, ndugu, wewe na familia yote. Anza na picha leo hii, maana hizo ndizo zinazoendelea kuharibika wakati mnabishana juu ya miaka.

Kabla ya kuzigusa, piga picha ya rundo lote kwa simu, pamoja na maandishi ya mgongoni, kwa kuwa wino wa kalamu unaweza kuyeyuka. Kama ni picha za karatasi za studio, ziweke kwenye beseni la maji safi ya baridi kwa dakika 20 hadi 30, kisha zitenganishe taratibu kuanzia pembeni. Jaribu kwanza ile msiyoihitaji sana. Ikikataa, irudishe majini; ukivuta kwa nguvu, sura ya mtu hubaki kwenye karatasi ya pili. Usisugue upande wa mbele. Zianike kivulini juu ya kitambaa safi, sura ikitazama juu. Picha zinazotoka zenyewe ndani ya kamera usizitie maji kabisa.

Kuhusu miaka, usiulize “ilikuwa mwaka gani?” Watu wa Goma hukumbuka kwa volkano. Uliza kama safari ilikuwa kabla au baada ya moto wa tarehe 10 Januari 1977, wa 17 Januari 2002, au wa 22 Mei 2021. Hapo hata ushuhuda unapimika: anayesema waliliona ziwa la moto juu ya Nyiragongo mwezi Machi 1977 amekosea, kwa sababu mwezi Januari lilikuwa limemwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Mkishindwa kupatana, andika “kabla ya moto wa 1977” na muiache hivyo. Ni kweli, na kila mtu uwanjani ataelewa.

Majina mawili si kosa la karani. Mwaka 1972, enzi za Zaire, majina ya Kikristo yaliondolewa kwenye karatasi za serikali, kwa hiyo mtu huyohuyo ana jina moja kwenye kitabu cha ubatizo na lingine kwenye karatasi za kazi. Tafuta kwa yote mawili. Na kabla ya 1988 Kivu ilikuwa mkoa mmoja, makao yake Bukavu. Jalada lake la zamani lisipopatikana Goma, mwombe ndugu aliyeko Bukavu aulizie huko.

Sasa maandishi yenyewe. Dakika 6 kwa kipaza sauti, kwa sauti ya polepole, ni kama maneno 600. Shule alizofundisha zikae kwenye sentensi mbili tatu. Zikizidi, watu wataanza kuongea chinichini. Nafasi kubwa ipe safari moja tu, ile inayosimuliwa na wengi. “Alipenda milima” ni maneno yanayomfaa mtu yeyote. Lakini kutoka Kibati, mahali pa kuanzia kupanda, hadi ukingo wa Nyiragongo, mita 3,470, ni kupanda mita 1,500 hivi, na njiani hakuna kijito, kwa sababu mvua huzama kwenye mawe yenye matundu. Basi waulize wanafunzi wake wa zamani: aliwaambia wabebe maji kiasi gani? Aliyachunga vipi yasiishe mapema? Joto hupungua nyuzi kama 6 kila mita 1,000, kwa hiyo kileleni ni baridi kuliko mjini Goma, ulio chini yake kwa mita 2,000 hivi, kwa nyuzi 12 hivi; nani alikosa koti, na mwalimu alifanya nini? Aliwakataza kukaa kwenye mashimo kwa ajili ya mazuku, ile hewa nzito isiyoonekana inayolala bondeni na kuua? Majibu ya maswali haya yatamwonyesha mwalimu na mpanda milima kwa pamoja, bila wewe kumsifu.

Waulize watu wanne au watano, kila mmoja peke yake. Wakikaa pamoja, mkubwa wao atasimulia na wengine wataitikia tu. Jambo lililosemwa na wawili ambao hawakusikilizana, liweke. La mmoja tu, litanguliwe na jina lake: “fulani anakumbuka kwamba…”

Mwisho, chapa nakala mbili kwa herufi kubwa. Ya pili akae nayo mtu wa nje ya nyumba, karibu na msomaji, akiwa ameshaisoma mara moja kwa sauti. Sauti ya msomaji ikikatika, aendelee kutoka mstari uleule.