Kangaja wa bluu: soma hapa kabla hujampakiza kwenye basi

Jana usiku kuna kaka kanitumia meseji, kaona picha ya tangi langu kwenye status, na yeye anataka kangaja wa bluu ofisini kwake Njiro, hapa hapa Arusha, tangi keshanunua juzi, samaki anapanda basi Tanga Jumamosi. Nikashusha pumzi. Kaka, mimi nimezika wawili.

Kwa wasiomjua, sio lile tunda. Ni samaki wa matumbawe wa Bahari ya Hindi, kuanzia pwani yetu mpaka Indonesia, mwili bluu, uso mweusi, kifua cheupe, pezi la mgongoni njano. Kwao hazidi sana mita 25 kwenda chini, na mchana kutwa anazunguka anadonoa mwani kwenye miamba. Sasa mimi wa kwanza nikamtia kwenye tangi la lita 120 hapa kinyozi kwangu Sakina, yaani huko ni kuendeshea bodaboda sebuleni.

Siku ya tisa akatoka vidoa vyeupe kama kanyunyiziwa chumvi. Baada ya siku mbili vikapotea, nikashangilia, nikaposti kabisa "kapona". Kumbe yule mdudu anayeleta vidoa akishashiba anadondoka mwenyewe, anajifungia kwenye gamba kule chini kwenye mchanga, anagawanyika humo humo, akitoka anatoka jeshi zima. Vidoa vikarudi mara kumi zaidi ya mwanzo, samaki anahema juu juu, kesho yake nikamtoa na kikombe. Nampigia aliyeniuzia ananiambia "wewe hujui kulisha". Hiyo sijaisahau.

Wa pili ni uzembe wangu. Julai, umeme umekatika usiku, hita imezima, na baridi ya Julai hapa mnaijua.

Huyu wa tatu ana miezi kumi na moja. Tofauti ni subira tu jamani. Tangi kubwa lilikaa miezi minne bila yeye, mawe yakaota mwani, bakteria wa kula amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, wakaongezeka, na yeye akakaa karantini kwenye tangi dogo la pembeni wiki nne namchungulia kila asubuhi kabla sijawasha mashine ya kunyolea. Chumvi napima, maji yawe na uzito mara 1.025 ya maji yasiyo na chumvi, zamani nilikuwa naonja kwa ulimi (msicheke). Inveta ipo. Subira, narudia, nyie mnataka picha kabla ya samaki, na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Na usimshike ovyo. Kwenye shina la mkia kila upande ana mwiba unaojikunja na kufunguka kama wembe wa zamani, mimi nina miaka kumi na nne kwenye unyoaji sijawahi kujikata, huyu kanichana kidole nasogeza jiwe tu.

Nikamwandikia yote hayo yule kaka. Akajibu: "Bro nishalipa."

Basi mlete kwangu Jumamosi hiyo hiyo, tangi la pembeni liko wazi.