Jibu: Utajuaje kama mbunge wako anafanya kazi?

Ndugu, umeuliza kwa nini mbunge wenu anasikika kila siku bungeni akichangia sera za taifa, wakati kisima cha kijijini bado kimekufa. Swali zuri, ila usimpime kwa runinga.

Ingia kwenye tovuti ya Bunge, soma Hansadi (kumbukumbu rasmi za mijadala) za kikao cha bajeti, kile cha Aprili hadi Juni hapa Dodoma. Tafuta jina lake, uone kama aliwahi kuitaja kata yenu kwenye maswali au alipochangia bajeti ya Wizara ya Maji. Mimi hilo ndilo huanza nalo. Makofi na "naunga mkono hoja" siyahesabu!

Pili, Mfuko wa Jimbo, yaani fedha za kuchochea maendeleo ya jimbo. Kwa sheria ya 2009 yeye ndiye mwenyekiti wa kamati yake, kwa hiyo hapo hawezi kusingizia wizara. Muulizeni fedha ziliibua mradi gani.

Kisima chenyewe, anzeni RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilayani na diwani wenu. Mbunge naye ni mjumbe wa baraza la madiwani, na mwananchi anaruhusiwa kwenda kusikiliza. Sisi tulikwenda watano tu, tukakaa nyuma kimya. Walituona.