Kwa mwanangu Zuhura: mgeni akishaelezwa, je, atalinda?

Mwanangu Zuhura,

Wa alaykumu ssalaam. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba afya yako ni njema na kwamba mafunzo yako ya vitendo ya kutembeza wageni yanaendelea. Sisi sote hapa tu wazima, na babaako anakusalimu sana. Ile sehemu ya mwisho nimeisoma kwa makini, pale unaponieleza kwamba uliwapa wageni habari za mwamba kwa muda mrefu, ukawatajia majina ya samaki na ya matumbawe, wakakushukuru kwa uungwana, kisha mmoja wao akasimama wima juu ya tumbawe kabla hujamaliza kuvaa miwani yako ya maji. Ukaniuliza: "Mama, haya maelezo yetu yanahifadhi kitu kweli, au tunawaburudisha tu wageni mpaka wakati wao uishe?" Umeuliza swali la haki, na kwa kuwa nimeishi kwa kazi hii ya kutembeza wageni, msituni na baharini, nitakujibu kwa kirefu.

Jibu langu ni kwamba yanahifadhi, ila yanapitia njia fupi kuliko ile mliyofundishwa darasani. Mwalimu wenu amewapa mfuatano unaojulikana, kwamba maelezo huleta kuelewa, kuelewa huleta kuthamini, na kuthamini huleta kulinda. Maneno hayo yalitoka katika mwongozo wa askari wa hifadhi za Marekani, akayaeneza mwandishi Freeman Tilden mwaka 1957, naye mwenyewe alisisitiza kwamba lengo kuu la kumweleza mgeni ni kumwamsha zaidi kuliko kumfundisha. Siyapingi hata kidogo, lakini safari hiyo ya moyo ni ndefu, na mgeni wako anakaa majini muda wa saa moja. Yule aliyesimama juu ya tumbawe hakufanya hivyo kwa sababu halithamini. Maji yalimwingia kwenye miwani, akashtuka, mguu ukatafuta pa kukanyaga. Katika dakika hiyo majina yote ya samaki uliyomtajia hayakuwa na la kumfaa.

Alichohitaji ni mtu wa kumwambia mapema kidogo, wakiwa bado mashuani, maneno kama haya: "Maji yakikuingia, usisimame. Lala chali, acha mapezi uliyovaa miguuni yaelee, ninyooshee mkono, nami nitakusogezea boya. Hapo chini utaona kitu kama jiwe, kumbe ni mnyama aliye hai, na lile tumbawe la mviringo hukua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka." Kisha unamwambia alale chali juu ya maji palepale pembeni ya mashua, mahali ambapo chini ni mchanga, mbali na mwamba, avue miwani, aimwage maji na kuivaa tena, na hufungi safari ya kwenda mwambani mpaka kila mmoja ameweza. Maelezo ya namna hii yanataja tendo moja, yanatoa sababu yake, yanampa mgeni la kufanya badala ya lile unalomkataza, na yanamfikia karibu kabisa na wakati atakapoyahitaji. Mengine yote, majina na hadithi za bahari, yana nafasi yake mkishatoka majini, wakati amekwisha kuona kwa macho yake na maswali yanamtoka mwenyewe.

Usidhani nasema haya kwa mapenzi ya kazi yangu tu. Katika hifadhi ya Ras Mohammed nchini Misri, watafiti waliwafuata wapiga mbizi na kuhesabu ni mara ngapi waligusa matumbawe. Kabla ya kuelezwa, mpiga mbizi aligusa kwa wastani mara 1.4 katika kila dakika 7, na baada ya kuelezwa kwa picha nchi kavu, kisha kuonyeshwa majini ni sehemu zipi za mwamba zilizo hai na zipi ni jiwe tupu, wastani ulishuka hadi mara 0.4. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1997. Lakini utafiti mwingine uliofanywa katika kisiwa cha Saint Lucia, huko Karibi, na kuchapishwa mwaka 2004, ulikuta kwamba maneno machache ya mashuani peke yake hayakubadili chochote, na kwamba kilichopunguza kugusa ni kiongozi kumwendea mpiga mbizi palepale chini ya maji na kumrekebisha. Mimi sioni mgongano kati ya habari hizi mbili. Wageni wa Misri walionyeshwa tendo lenyewe mahali penyewe, wa Saint Lucia walisomewa maneno, na pale maneno yalipokosa nguvu ilibidi mkono na jicho la kiongozi viyakamilishe. Kwa hiyo usihesabu kwamba umemaliza kueleza mnaporuka majini. Mtu akianza kuning'iniza miguu, mwendee, mguse bega, mwonyeshe kwa mkono alale. Hayo nayo ni maelezo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wetu hulikosea kwa nia njema kabisa. Tunapoumizwa na uharibifu tunamlalamikia mgeni kuhusu wageni wenzake: wengi wanatupa taka, wengi wanaokota makombe, wengi wanakanyaga. Huko Arizona, Marekani, kuna hifadhi ya miti ya kale iliyogeuka mawe, na wageni walikuwa wakiiba vipande. Mtaalamu wa saikolojia Robert Cialdini na wenzake walijaribu mabango mawili tofauti kwenye njia za hifadhi hiyo. Bango lililosema kwamba wageni wengi waliopita wamechukua vipande na kuibadili hali ya hifadhi lilifuatiwa na kuibwa kwa karibu vipande 8 kati ya 100 vilivyowekwa alama, ilhali lile lililoomba tu kwa upole kwamba vipande visiondolewe lilifuatiwa na wizi wa chini ya vipande 2 kati ya 100. Kumbe ukimwambia mtu kwamba kila mtu anafanya, umemruhusu. Tangu nilipoisoma habari hiyo nimekuwa nikisema, na ni kweli, kwamba wageni wangu wengi huondoka bila ya kugusa kitu, kisha nawaeleza wanavyofanikiwa.

Sasa njoo msituni Jozani, kwa sababu huko utaona umuhimu wa sababu yenyewe. Kima punju, ambao nyumba yao ya asili duniani ni kisiwa chetu hiki cha Unguja tu, wamezoea watu kiasi cha kuteremka hadi kwenye matawi ya chini, hatua mbili kutoka kwenye simu ya mgeni. Mgeni akimwona kima yuko karibu hivyo, mkono unamwenda mfukoni kutafuta ndizi. Ukimwambia "ni marufuku kuwalisha", atairudisha ndizi mpaka ugeuke. Lakini mwambie kwamba mnyama huyu ana tumbo lenye vyumba kadhaa, ambamo majani machanga na matunda mabichi huchachushwa na vijidudu, na kwamba sukari ya tunda lililoiva inaweza kulivuruga tumbo hilo. Mwambie pia kwamba kima wanaoishi karibu na mashamba hula majani ya miembe na ya miti ya mikungu, ambayo yana kemikali kali, kisha huokota vipande vya makaa kwenye matanuri ya wachoma makaa na kuvitafuna ili kuzituliza. Hapo ndipo nimeona mgeni mmoja baada ya mwingine akiifunga mikoba yake mwenyewe, na zaidi ya hapo, akimzuia mwenzake. Vivyo hivyo kuhusu kuwakaribia mno: waeleze kwamba mafua yetu yanaweza kuwapata wao, na mtu mwenye kikohozi atarudi nyuma kwa hiari yake.

Waeleze pia fedha ya kiingilio inakwenda wapi. Tangu kabla ya eneo hilo kufanywa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004, wakulima wa vijiji vya jirani walikuwa wakilalamika, na kwa haki, kwamba kima wanawamalizia mazao, na sehemu ya mapato ya utalii imekuwa ikirudi kwao ndiyo maana wakawavumilia. Mgeni akilijua hilo anaelewa kwamba tiketi yake ni sehemu ya makubaliano kati ya watu na wanyama, na mara nyingi ndiye anayeuliza kama kuna kijiji cha kununua chakula cha mchana badala ya kurudi hotelini.

Kizimkazi, kule kusini mwa kisiwa, ndiko kunakonitia uchungu zaidi, kwa hiyo nivumilie. Hadi katikati ya miaka ya 1990 pomboo wa huko waliwindwa kwa ajili ya chambo cha papa, na utalii ndio uliofanya pomboo aliye hai awe na faida kuliko aliyekufa. Ni neema kubwa. Lakini watafiti waliowafuatilia wamekuta kwamba mashua za watalii zikiwepo, pomboo hupumzika kidogo na hutafuta chakula kidogo, na majike wanaonyonyesha ndio wanaosumbuka zaidi. Nahodha anawakimbiza kwa kuwa ameahidiwa bakshishi mgeni akiogelea nao, na mgeni anataka kuogelea nao kwa kuwa picha ya tangazo ilimwahidi hivyo. Hapa huwezi kuanza kueleza ukiwa tayari umefika kwa pomboo, kwa sababu saa hiyo kila mtu anapiga kelele. Eleza ufukweni, kabla ya kupanda. Wafundishe kumtambua pomboo anayepumzika: kundi limekaribiana, wanakwenda taratibu kuelekea upande mmoja, wanazama na kuibuka pamoja. Waambie kwamba wakiwakuta hivyo, mashua itakaa mbali na injini itatulizwa, na kwamba hayo ndiyo matembezi mazuri waliyoyalipia. Kisha, Zuhura, msikilize mgeni mwenyewe akimwambia nahodha: "Hawa wamelala, tusiwasogelee." Nahodha ambaye angekudharau wewe, binti mdogo, atamsikiliza mlipaji. Kwangu mimi hii ndiyo faida kubwa kuliko zote ya maelezo mazuri, kwamba yanabadilisha kile mgeni anachokidai.

Na usisahau kwamba wewe mwenyewe unatazamwa. Mtembeza wageni akikitoa majini kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, ili kipigwe picha mikononi, au akiwamwagia samaki makombo ya mkate ili wakusanyike, basi amekwisha kufuta kila alilolisema mashuani. Najua wenzako wengine hufanya hivyo wakiogopa kukosa bakshishi. Mimi nimekuwa nikimwambia mgeni kwamba kiumbe hiki kinapumua kwa vitu laini sana vilivyo juu ya ngozi yake na ndani ya maji tu, kisha namwomba apige mbizi akitazame pale kilipo, nami naipiga picha hiyo, yeye akiwa amekiinamia. Wanaipenda.

Kisiwani Chumbe utakuta jambo hili limefikiriwa tangu mwanzo. Mwamba wake ulifungwa kwa uvuvi mwaka 1994, na walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji vya karibu, ambao hawabebi silaha. Mvuvi akipotea akaingia ndani ya mpaka, wanamfuata na kumweleza, kwa lugha yake na kwa heshima ya mvuvi mwenzao, kwamba samaki wakiachwa wazaliane hapa, wanatoka kwenda kumfaidi yeye nje. Mgeni wa huko naye anaoga maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa la banda lake na kutumia choo cha mboji, hivyo hata mtu asiyesikiliza neno lolote anajikuta anaishi ndani ya maelezo. Pia wanapelekwa wanafunzi wa skuli zetu, na kwa wengi wao, hasa wasichana, ndiyo mara ya kwanza kuutazama mwamba kwa chini. Ningependa hilo lipewe uzito kuliko yote, kwa sababu mgeni huondoka, na mtoto wa Unguja atabaki na bahari hii maisha yake yote.

Sitaki lakini uyape maneno kazi yasiyoiweza. Kwenye barabara inayopita msituni Jozani kima waligongwa na magari mara kwa mara, na mabango peke yake hayakutosha, yakajengwa matuta na vifo vikapungua. Dereva mwenye haraka hakuhitaji kuelewa zaidi, alihitaji kupunguza mwendo. Na kuhusu yale mgeni atakayoyafanya akisharudi kwao, huko hatuwezi kumwona, kwa hiyo mimi hutafuta tendo ambalo atalitimiza kabla ya kupanda ndege. Hivi sasa nawaomba wasinunue makombe, na nawaeleza kwamba lile kombe kubwa la kupulizwa kama baragumu, likiwa hai, ni miongoni mwa viumbe wachache wanaomla kiti cha pweza mwenye miiba, na huyo mwenye miiba hula matumbawe.

Nenda kamwombe msimamizi wako akuruhusu ufupishe yale maelezo marefu uliyoandikiwa, ubakishe mambo mawili ya mashuani, la kutosimama na la tumbawe kuwa mnyama aliye hai, na zoezi la kulala chali. Akisitasita, mwombe siku chache za majaribio: siku moja ueleze kama ulivyoelekezwa, siku nyingine ueleze hivi nilivyokuandikia, na mwenzako aliye majini ahesabu ni miguu mingapi iliyokanyaga mwamba. Ziandike hesabu zote mbili hata kama hazikupendezi, umpelekee, kisha unitumie na mimi.

Ni mimi mamaako.