Noa si Nuhu

Dada, umeuliza kama Noa linamfaa binti au watu watasema umempa jina la kiume. Linamfaa kabisa. Kwa Kiebrania hayo ni majina mawili: Nuhu lahusishwa na kupumzika, Noa na mwendo. Kwenye cheti liandike bila h mwishoni, maana Noah ndiyo tahajia ya Nuhu kwa Kiingereza.

Fungua Biblia, kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Selofehadi alifariki bila mtoto wa kiume, na mabinti zake watano, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, wakasimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao. Wakapewa. Tirza maana yake ni kupendeza. Milka lina mzizi mmoja na neno letu malkia. Hogla ni kware, ndege yule yule (hilo mimi nisingemtwika mtoto!).

Ukitaka la mbali zaidi, kuna Linnea la Kiswidi. Ni kimmea kitambaacho chenye maua ya rangi ya waridi yanayoning'inia mawili mawili kwenye kikonyo kimoja, kilichopewa jina la mtaalamu wa mimea Carl Linnaeus.